Mama mkwe hali pilipili, na bufee nimeshailipia

*Barua za wasomaji kwa Shangazi wa Jikoni*

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Tabata, Dar es Salaam. Mke wangu anahitimu chuo mwezi ujao, nami nimeamua kuipeleka familia hotelini kwenye bufee ya vyakula vya Afrika. Kutakuwa na meza ya Uswahilini, ya Ethiopia, ya Naijeria na Ghana, ya Senegal na ya Afrika Kusini. Hela nimeshatoa. Mama mkwe anakuja kutoka Bukoba, naye hali pilipili kabisa, hata ile ya kunusa. Kwenye harusi ya shemeji yangu alipakua wali mweupe na vipande viwili vya ndizi, akasema ameshiba. Nilijua hajashiba. Safari hii sitaki mama wa watu alale na njaa wakati meza zimejaa. Je, niongee na hoteli? Mama nimwambie nini? Ndugu yangu mmoja anasema hata pilau asile kwa sababu ina viungo. Tena sijui kama ana vidonda vya tumbo au ni mazoea tu. Naona haya kumuuliza.

*Mkwe, Tabata*

Marahaba mwanangu, na mpe mkeo hongera zangu.

Umeona jambo ambalo wenyeji wengi hawalioni: mgeni mzima anasema "nimeshiba" na sahani yake bado nyeupe. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa zile meza, nyuma ya vyombo vya bati vyenye moto chini, na watu wa namna ya mama yako nimewaona kila Jumapili. Wanapita meza nzima na sahani mkononi, wanainama, wananusa, wanasita, wanasogea. Mwisho wanasimama kwenye wali na matunda. Wangeweza kula vizuri sana, ila hakuna aliyewaambia kilichomo ndani ya kila chombo, na wao wana adabu, hawataki kusumbua.

Kwanza, sababu usiiulize. Mtu mzima haulizwi habari za tumbo lake na mkwewe. Akitaka atamwambia binti yake. Awe ana vidonda, awe ana kiungulia, awe amelelewa kwenye ndizi na maharage yasiyojua pilipili, sahani yake itakuwa ileile. Ila nakuomba jambo moja. Pale mezani hakosekani kijana aliyesoma, atasema "Mama kula tu, pilipili haileti vidonda." Ni kweli kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na kumeza sana dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi yao juu ya huyo bakteria. Lakini mwenye kidonda au kiungulia huweza kuumia akila pilipili hata kama si pilipili iliyomletea ugonjwa. Na asiyeumwa chochote ana haki ya kutoipenda. Kijana huyo mnyamazishe kwa upole.

Sasa hoteli. Ndiyo, ongea nao, tena siku mbili tatu kabla, wala usingoje kufika. Usiishie kwa anayepokea simu, omba kuzungumza na mpishi mkuu au msaidizi wake. Piga kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kifungua kinywa kimekwisha na chakula cha mchana hakijapamba moto. Ukipiga saa saba utajibiwa ilimradi.

Na namna ya kuuliza ina uzito kuliko kupiga simu kwenyewe. Ukiuliza "chakula chenu ni kikali?" utaambiwa "hapana, kidogo tu." Mpishi hakudanganyi. Ulimi unaokula pilipili kila siku huzoea, hausikii tena kile ambacho mama yako atakisikia kwenye tonge la kwanza. Kwa hiyo usimuulize anavyoonja yeye, muulize alivyopika: "Hii pilipili imesagwa ndani ya rojo, au imetumbukizwa nzima, au inakaa pembeni?" Hapo utapata jibu la kukufaa. Ya kusagwa haitoki tena, chakula hicho mama asikiguse. Iliyotumbukizwa nzima bila kupasuka hutoa harufu na moto kidogo, na mpishi anaweza kukupakulia sehemu kabla hajaitia. Ya pembeni haina tatizo. Kisha omba jambo dogo ambalo hakuna jiko la hoteli litakalolikataa likiambiwa mapema: kipande cha samaki au kuku kichomwe kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu tu, kiwekwe kando kwa jina lako.

Kuhusu ndugu yako na pilau yake, mwambie amnyang'anye mama vyote lakini si pilau. Ndani ya pilau mna binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu. Vinapasha mwili na kunukia, haviunguzi ulimi. Pilipili manga yenyewe ni mmea mwingine kabisa, mtambaa wenye asili ya India, na ukali wake ni mdogo ukiulinganisha na pilipili mbichi. Hizi zinazounguza asili yake ni Amerika, zilianza kuvuka bahari baada ya 1492, na Wareno ndio waliozisambaza sana pwani za Afrika. Pilau kama mama hajaizoea apewe kijiko kimoja aonje. Kinachomuumiza mtu kwenye sahani ya pilau mara nyingi ni kachumbari iliyo juu yake. Pilipili imekatwa vipande vidogo ikachanganywa na nyanya, na maji yake yameteremka yakaingia kwenye wali. Mwambie mhudumu asimmiminie kachumbari, wala asimpe wali uliokaa karibu nayo.

Twende meza kwa meza, maana najua utaufanya mzunguko huo kabla mama hajanyanyuka.

Meza yetu ya Uswahilini ndiyo rahisi. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, mchicha, kisamvu, maharage, ndizi za nyama, tambi, kaimati, vitumbua: karibu vyote ni salama. Jihadhari na maharage na supu zilizotiwa pilipili mbuzi nzima kwa ajili ya harufu. Mtu akikoroga kwa pupa ile pilipili hupasuka, na chungu kizima hubadilika. Jihadhari zaidi na samaki wa kupaka. Rojo lake ni la njano tulivu, limejaa tui zito, unaweza kuapa ni chakula cha mtoto, kumbe pilipili mbichi za kijani zimesagwa pamoja na tangawizi na kitunguu saumu tangu mwanzo, na rangi ya manjano imeficha kila kitu. Mishkaki nayo uulizie ilivyolazwa. Kuna wapishi wanaotia pilipili kwenye papai bichi na tangawizi, na kuna wasiotia.

Rangi isikudanganye hata mara moja. Watu wanakimbia rojo jekundu na kukimbilia jeupe. Wekundu unaweza kuwa nyanya tu au mawese, na supu iliyopauka inaweza kumtoa mtu machozi. Ukitaka kutumia macho, tazama ukingo wa chombo, pale mchuzi ulipokaukia kwenye bati. Mbegu bapa ndogo za rangi ya maziwa zilizoganda hapo ni za pilipili. Zisipokuwepo bado uliza, kwa sababu ya unga haina mbegu za kuonekana.

Meza ya Ethiopia ina pande mbili zinazokaa bega kwa bega. Upande mmoja kuna vyakula vya berbere, ule mchanganyiko mwekundu wa pilipili kavu na viungo vingi. Humo mna doro wat ya kuku na mayai, na misir wat ya dengu nyekundu. Asivisogelee. Yai la doro wat linaonekana halina hatia, lakini limekaa ndani ya lile rojo. Kitfo nayo, nyama ya kusaga isiyoiva au iliyopashwa tu, hutiwa mitmita, unga wa pilipili ulio mkali zaidi ya berbere. Upande wa pili ni alicha, yaani vilivyopikwa kwa manjano, vitunguu na tangawizi bila berbere. Kik alicha ya njegere kavu za njano, kabichi na karoti na viazi, na jibini nyeupe ya ayib, hivi vyote anaweza kula akafurahi. Injera, ule mkate wao mwembamba laini, ni chachu kidogo, mtu wa ugali au ndizi huizoea baada ya matonge mawili matatu. Shida ya meza hii ni kwamba huwa wanamimina kila kitu juu ya injera moja mle pamoja, na michuzi hutembea. Mama apewe injera yake kwenye sahani yake, na umwombe anayepakua aanze na ya mama kabla upawa haujaingia kwenye berbere.

Meza ya Naijeria na Ghana uiingie kwa heshima. Wao pilipili ni sehemu ya msingi wa mchuzi, inasagwa pamoja na nyanya, hoho na vitunguu kabla hata nyama haijaingia sufuriani. Jollof, ule wali wa nyanya, ni hivyo. Egusi, mchuzi wa mbegu za jamii ya tikiti, mara nyingi ni hivyo. Moi moi, ile keki laini ya kunde iliyopikwa kwa mvuke, nayo kwa kawaida imo. Suya, mishkaki yao, imepakwa unga wa karanga, tangawizi na pilipili, na hata ukiufuta hautoki. Supu ya pilipili jina lake limeshajieleza. Na aina wanayoitumia sana ni Scotch bonnet, ndugu wa pilipili mbuzi yetu. Kwa kipimo cha ukali wa pilipili alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, hoho ni sifuri, na Scotch bonnet huanzia 100,000 ikapita 300,000. Lakini mama hatatoka pale mikono mitupu. Kuna viazi vikuu vilivyotwangwa, vyeupe na laini, ambavyo mtu wa Kagera atavipokea vizuri. Kuna ndizi mbivu za kukaanga, dodo, tamu kabisa. Hakikisha tu si kelewele ya Ghana, kwani hiyo hukatwa vipande vidogo ikachovywa tangawizi na pilipili kabla ya kukaangwa. Kwenye sinia la bufee zinafanana mno. Dodo hukatwa mapande ya mshazari na sura yake ni safi, kelewele ni vipande vya mraba vyenye madoadoa.

Senegal ndiyo ningempeleka mimi. Thieboudienne, wali wa samaki uliopikwa kwa nyanya, unakuja na mboga nzimanzima: muhogo, karoti, kabichi, biringanya. Pilipili mara nyingi huwekwa nzima juu yake, anayeitaka anajimegea. Mpakulie wali na mboga kutoka upande ulio mbali na pilipili. Samaki umkague kwanza, kwa kuwa hutobolewa akajazwa majani ya kijani yaliyotwangwa na kitunguu saumu, na mara nyingi pilipili imo. Ukiona kijani kwenye mnofu, ondoa sehemu hiyo au mwache samaki. Yassa ya kuku, ya vitunguu vingi na ndimu, ni chaguo zuri kama mpishi atakuhakikishia kwamba pilipili haikupasuka chunguni. Mafé, mchuzi wa karanga, vivyo hivyo.

Afrika Kusini ni fupi: nyama ya kuchoma na pap, ambayo ni ugali tu, chukua. Bobotie ni ya nyama ya kusaga yenye utamu na viungo kidogo, aonje. Chakalaka, ile ya maharage na karoti na nyanya, huwa ina pilipili, apite.

Sasa jinsi ya kumfikisha mama kwenye hivyo vyote bila kumtia haya. Wewe usimwongoze. Mkwe wa kiume kumfuatafuata mama mkwe na sahani, unamwambia hiki kula hiki acha, hata kwa nia njema utamfanya ajione mtoto, na meza ya jirani watageuka. Fika na mkeo nusu saa kabla, zungukeni wote wawili, ulizeni, kisha mkeo ndiye atembee na mama yake. Binti na mama wana lugha yao. Akifika kwenye yassa aseme tu, "Mama, hii ya vitunguu imepikwa vizuri, nikupakulie?" Neno pilipili lisitajwe kabisa. Kama kuna mjukuu mkubwa anaweza kuifanya kazi hiyo hata vizuri zaidi, bibi hamkatalii mjukuu.

Wewe kazi yako iko mezani. Hakikisha chupa za pilipili, pamoja na ile ndogo ya Akabanga kutoka Rwanda ambayo tone lake moja linatosha bakuli, zinakaa upande wenu vijana. Agiza maziwa ya mtindi yawepo mezani tangu mwanzo, kama kinywaji cha kila mtu. Na ukipakua vyako chukua baadhi ya vile alivyopakuliwa mama. Wakwe wawili wakila yassa moja, hakuna anayejiona yuko peke yake.

Vinywaji na matunda navyo uvitupie jicho. Embe bichi na nanasi siku hizi hunyunyiziwa pilipili ya unga na chumvi, na juisi ya ukwaju wengine huitia kidogo. Chai ya viungo haina neno, labda tangawizi ikizidi.

Akishiba kweli utamjua. Ataomba kahawa.

Assalaam alaykum Shangazi,

Twaoza binti yetu hapa Mombasa, na chakula tutakipanga kwa bufee. Tumepanga biriani ya mbuzi, pilau, samaki wa kupaka, viazi karai, sambusa na mbaazi. Upande wa bwana arusi wageni wengi ni wa bara, na tumeambiwa wengi wao pilipili hawaiwezi. Dadangu mkubwa asema biriani isiyo pilipili ni chakula cha mgonjwa, na kwamba wageni wafuate desturi ya wenyeji. Mimi nataka tupike sufuria mbili za kila kitu, lakini gharama yatushinda. Tufanyeje?

*Mama wa bibi arusi, Mombasa*

Waalaykum salaam dada yangu, Mungu aiweke heri.

Dada mkubwa mpe heshima yake, ila kwenye hili namkatalia. Desturi ya majumba ya pwani niliyokulia mimi kule Tanga ni kwamba pilipili ina kibakuli chake. Achari ya ndimu, ya embe, pilipili ya ukwaju, zote hukaa katikati ya sinia na kila mtu huchovya kwa kadiri ya ulimi wake. Mwenye kuipenda anakula mpaka jasho limtoke, mtoto na mzee wanakula sinia hilohilo. Kumtilia mgeni sufuriani kitu asichoweza kukitoa, kisha umwambie afuate desturi, huko siko kukirimu.

Sufuria mbili huzihitaji. Biriani yetu imeshakutatulia tatizo, kwani masala hupikwa mbali na wali hupikwa mbali. Wali mmoja unatosha watu wote. Masala yapike bila pilipili hata moja: vitunguu vya kukaanga, nyanya, mtindi, thomu, tangawizi, viungo vyote na nyama mpaka iive. Ikishaiva, gawa mafungu mawili. Fungu moja liache lilivyo. La pili litie pilipili mbichi zilizochanwa kati, funika, moto wa chini, dakika kumi na tano hivi. Dada mkubwa aitwe alionje hilo la pili. Kupaka fanya hivyohivyo, tui lipikwe bila pilipili, kisha nusu ya samaki wamwagiwe lile lililosagiwa pilipili.

Sambusa ndizo zinazotia watu adabu, kwa kuwa ndani hakuonekani. Mimi ningezitengeneza zote bila pilipili na kuweka chatne kando. Mkishikilia kutia, basi zisizo na pilipili zikaangwe kwanza mafuta yakiwa mapya, na za pilipili zifuate, maana ikipasuka moja tu ukali wote huingia kwenye mafuta. Viazi karai vivyo hivyo, unga wake usitiwe pilipili, ukali utoke kwenye chatne ya ukwaju.

Lakini mnaweza kupika vizuri namna hii na bado mkaharibu kwenye kupakua. Mgeni huchota masala makali, halafu upawa uleule anautia kwenye yasiyo makali, na baada ya watu thelathini sufuria zote mbili zimekuwa moja. Msiwaache watu wajipakulie masala. Wekeni vijana wawili nyuma ya meza, kila mmoja na sufuria yake na upawa wake, wasiazimane. Wali, pilau na mbaazi watu wajichotee. Sufuria za masala zisikae pamoja, weka pilau katikati yao. Mbele ya kila chombo andikeni kwa kalamu nene: PILIPILI NDANI, au HAINA PILIPILI. Herufi kubwa, mzee asome bila miwani. Kachumbari iwe bakuli mbili. Na achari na pilipili zote zipangwe mwisho kabisa wa meza, mtu azikute sahani imeshajaa, kila kibakuli na kijiko chake.

Chakula cha wageni wa bara kipambeni sawasawa na hicho kingine. Nimeona harusi ambako kisicho na pilipili kilisukumwa pembeni kwenye bakuli la plastiki, kimepoa, kama masazo. Mgeni akiona hivyo ameshaelewa alivyopokewa. Nacho kitieni vitunguu vya kukaanga juu, zafarani kwenye wali wake, na sahani ya kauri.

Shangazi, salaam kutoka Muscat.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi huku. Wenzangu wa Ethiopia hunialika mgahawani kwao Ijumaa, kunakuwa na bufee nzuri sana. Siwezi pilipili ila najikuta nimeonja kwa bahati mbaya, nakohoa, machozi yananitoka, nakunywa glasi nzima ya maji na inazidi. Nifanye nini palepale mezani?

*Mwenye ulimi mwepesi, Muscat*

Salaam mwanangu. Maji yaache. Kinachounguza ni kemikali iitwayo kapsaisini, nayo haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Maji yanaihamisha tu, kutoka ncha ya ulimi mpaka kooni. Uko Muscat, laban, yaani mtindi wa kunywa, iko kila duka. Agiza glasi ya laban baridi mwanzo wa chakula, iwe imeshafika mezani kabla hujachovya kitu. Protini ya maziwa huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Piga funda, lizungushe mdomoni kidogo ndipo umeze. Kama laban hakuna, ile jibini yao ya ayib itakusaidia, au tonge la wali, au sukari kijiko kimoja uiache iyeyukie ulimini. Soda baridi inapoza kwa muda tu. Vinywaji vya moto vinaongeza, kwa sababu kapsaisini hushika mishipa ya fahamu ileile inayohisi joto la moto. Ugunduzi wa kipokezi chake, yaani ile sehemu ya mshipa inayoipokea, ni miongoni mwa yaliyompa David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Ukikohoa usivute pumzi kwa mdomo wazi, funga mdomo, pumua kwa pua taratibu. Ukali wenyewe hupungua baada ya robo saa hivi hata usipofanya kitu, kwa hiyo usiogope.

Na waambie wenzako waziwazi. Sema "alicha" tu, watakuelewa na kukusogezea upande wake. Kama mnalia mkono, anza na vyakula vya alicha, na vidole vikishagusa rojo jekundu usijifute machozi. Osha kwanza kwa sabuni, na kama bado vinawaka vipake mafuta ya kula kidogo, visugue, kisha sabuni tena. Unayevaa lenzi za macho, jioni hiyo zitoe kwa mikono iliyooshwa hivyo mara mbili, au mwenzako asiyegusa berbere akusaidie.